Kikapu Nilichompelekea Dada

Salfeti, lile gunia la plastiki, ikiisha mahindi, wengi hapa kwetu Ngara huanikia mihogo juu yake au huzibia dirisha la jiko. Mimi naifumua. Unatafuta uzi wa pembeni, unauvuta taratibu, zinatoka nyuzi ndefu, nyeupe, ngumu kukatika. Unazungushia majani makavu, kikapu kinapanda.

Haya nilifundishwa uzeeni, kwenye kikundi cha akina mama wa parokia. Shule niliishia darasa la pili, mbuzi wa baba walihitaji mtu. Mwalimu wetu wa kikundi, mama mmoja wa mjini, alitufundisha pia kukata chupa za maji tutengeneze maua, ila maua yangu yalifanana na vyura, nikaachana nayo. Yeye kila siku alituambia, "Msiweke kitu ndani. Kikapu chenyewe ndiyo zawadi." Wageni wanaopita mpakani Rusumo wanavinunua, wanatundika ukutani. Nikazoea hivyo.

Sasa, dada yangu mkubwa aliolewa Nyantakara, huko Biharamulo. Kwa mama tulizaliwa wawili tu. Tulipomzika mama tuligombania sweta lake jekundu, wanawake wazima wenye wajukuu! Nililipata mimi kwa sababu nililikalia. Kweli kabisa, nililikalia, na msibani watu wamejaa. Tangu siku ile dada hakukanyaga kwangu, wala mimi kwake.

Mwaka jana nikasikia anaumwa, miguu imevimba. Nikasema jambo hili liishe. Nikalifumua lile sweta, nikasuka kikapu cheupe chenye mfuniko, uzi wa mama ukakizunguka mara tatu. Sijawahi kusuka kizuri kama kile. Mama mmoja wa parokia alikuwa anakwenda harusini Biharamulo, nikamkabidhi.

Baada ya siku tatu nikapiga simu.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Mzigo wako umefika."

"Umeuona ule uzi mwekundu?"

"Nimeona kikapu kitupu."

"Ni pambo, dada. Unatundika ukutani."

"Ukutani kwangu natundika jembe. Mgeni wa Rusumo ndiye anapewa kikapu kitupu akacheka. Mimi ni mtoto wa mama yako."

Akakata.

Kwetu kikapu hakiendi kwa mtu kitupu, na hakirudi kitupu. Hata kama ni konzi ya maharage, hata chumvi kidogo. Ukipeleka kitupu umesema kati yetu hakuna kitu. Hilo nalijua tangu utotoni. Nikajiambia kikundi ndicho kilichonisahaulisha. Lakini maharage yalikuwepo, debe zima, nyuma ya mlango. Siku ya kufunga mzigo niliyatazama, nikasema moyoni, aa, sweta linamtosha. Nadhani nilikuwa bado nimelikalia.

Nikapanga kwenda mwenyewe, nibebe maharage mapya tukishavuna. Panya nao mwaka ule walikuwa wabaya, ukiacha nyumba siku mbili unakuta maganda. Tukavuna, nikawa nasema wiki ijayo, wiki ijayo. Dada akafariki tukiwa kwenye palizi ya msimu uliofuata.

Siku ya kuanua matanga binti yake alinifuata na kile kikapu.

"Mama mdogo, mama alisema hiki kirudi kwako."

Nikafungua mfuniko pale pale, watu wakiniangalia. Hamna kitu.

"Hakusema neno jingine?"

Yule binti akaangalia chini. "Alisema nisiweke kitu, mama mdogo. Mimi nilitaka kuweka."

Bado nasuka. Macho yanasumbua, lakini vidole vinajua njia. Kila kikapu nikikimaliza natia konzi ya maharage, na mwalimu anayamwaga mkekani. "Bibi jamani, wageni wataona uchafu!" Wenzangu wanacheka, mimi naokota moja moja.

Kile cha dada kiko nyuma ya mlango, juu ya debe. Maharage yako hapo hapo chini yake. Sijakijaza. Nitampelekea nani?