Waya wa Shemeji kwenye Redio

Mama hakuwahi kumsikia mdogo wangu wa kike akiimba redioni, na Jumapili hiyo kwaya yao ilikuwa imepewa wimbo mmoja tu. Miguu ilikuwa imeshamkatalia Mama kutoka kijijini kwetu Dunga kwenda mjini. Basi redio ikaletwa kwake, na fundi wake ni mimi.

Redio yenyewe ilikula betri mbili: kubwa ya kuiendesha, na ndogo ya kuipa umeme hasi, ambao ukikosekana sauti inakoroma. Ile ndogo ikachagua kufa Jumamosi. Mhindi wa dukani akaniambia nisubiri treni ilete nyingine. Nisubiri treni, na wimbo ni kesho! Nikaamua betri kubwa ifanye kazi zote mbili. Nikafunga rezista mbili, vile vipande vya kuzuia umeme, zikifuatana kutoka ncha moja ya betri hadi nyingine, na pale zinapokutana nikatoa waya hadi kwenye bodi ya redio, yaani lile bati la chuma linaloshika vyombo vyake. Pale katikati pakawa sifuri yangu: upande huu chanya, upande ule hasi. Jumapili, kabla ya kipindi, nikajaribu, ikaongea vizuri kabisa. Nikaenda kunawa mikono, roho imetulia.

Kurudi, nakuta inakoroma, na kwaya imeshaanza. Nikatia chuma cha kuchomelea kwenye jiko, nikachomelea upya kila kiungo, nikabadilisha rezista, wapi. Jasho linanitoka. Mama ameinamisha kichwa, anamtafuta mtoto wake ndani ya makelele yale. Mume wa mdogo wangu, dereva wa lori la miwa kule Muhoroni, amekaa pembeni.

"Shemeji, umegusa hii kitu?"

"Nimekusaidia tu. Ulisahau kufunga hasi ya betri kwenye bodi. Lori haliwaki namna hiyo."

"Hii ni lori?"

Nilitamani kumrushia koleo. Waya wake ulikuwa umeshika hasi na sifuri yangu pamoja, kazi yote ya rezista ikawa bure. Nikaung'oa. Papo hapo sauti ikatoka safi: mtangazaji, anaishukuru kwaya.

Shemeji akatazama sakafu. Naye alikuwa amekosa kumsikia mkewe akiimba.

Mama akavuta kiti karibu na redio, akajifunga leso vizuri, uso umemchangamka. "Asante, baba. Imepona," akaniambia. "Sasa waambie waanze tena."