Nililia mwezi mzima kwa uvimbe wa titi, kumbe mgonjwa ni dada aliyenisindikiza

Wakuu, heshima kwenu. Haya yamenikuta mwenyewe hapa Tunduma, sijaongeza chumvi. Wanaume msipite, nanyi mna dada.

Mwaka jana titi langu la kushoto lilitoa uvimbe kama gololi. Nikikaribia siku zangu, unawaka moto.

Nauza vitenge hapa mpakani, ikafika mahali nashindwa hata kukumbatia mzigo. Nikajua nimekwisha. Nililia jamani, nikiwaza wanangu watalelewa na nani.

Kwetu huendi hospitali peke yako. Nikamwita dada yangu mkubwa, mkulima wa kahawa kule Mbozi. Alivyofika tu, akanicheka: "Mdogo wangu, wewe unaogopa sindano tu!"

Tukaenda hospitali ya Vwawa. Daktari, mama mmoja mpole, akanipiga ultrasound. Kifuko cha maji! Akayavuta maji kwa sindano, akasema si saratani, ila nirudi aniangalie tena. Nikashusha pumzi.

Tunaaga, dada akaropoka huku anacheka: "Mbona mimi ninacho tangu tuanze kuchuma, wala hakiumi. Ni kapu la kahawa, nalifunga kifuani linanigonga."

Daktari hakucheka. "Mama, hebu panda kitandani."

Kilikuwa kigumu, hakisogei, na ngozi juu yake imebonyea. Kila siku anaoga anaiona! Wakachukua kinyama kwenda kupima. Majibu yakaja: saratani.

Niliona aibu, wakuu. Mimi nalia, mgonjwa mwenyewe ananibebea mkoba.

Shemeji naye akaleta zake. Eti hakimuumi, haraka ya nini, tumalize kwanza kuchuma. Hapo nilimwakia: "Shemeji, kahawa atachuma yeyote. Dada yangu ninaye mmoja!"

Wiki ileile tukawa hospitali ya rufaa Mbeya.

Akafanyiwa operesheni, titi likaondolewa, zikafuata dripu za dawa. Nywele zilinyonyoka, chakula hakipandi, siku nyingine anagoma kabisa. Lakini madaktari walisema tumewahi, na kweli vipimo vya juzi ni safi. Nilipiga kigelegele koridoni mpaka nesi akanifokea.

Nilichojifunza: uvimbe mwingi wa titi si saratani, msife kwa presha bure. Ila kutouma siyo usalama. Uvimbe mpya, ngozi kubonyea, chuchu kuzama ndani au kutoa damu, nenda ukapimwe. Usijipe majibu mwenyewe shambani.

Dada siku hizi baada ya ibada anawavuta wachumaji wenzake pembeni, anafungua blauzi, anawaonyesha kovu. Hana aibu hata chembe. Wanne wameshapimwa, wote wazima.

Haya, mwenye swali aulize, mwenye kisa chake akimwage hapa. Na wewe uliyesoma mpaka hapa huku umejishika titi, weka simu chini uende hospitali.