Kikombe cha Wairimu

Mtu asiniambie nilikuwa naota. Nilikuwa macho, jua bado liko juu ya mabati ya Kiganjo, na vikombe viwili viko mezani.

Mimi nina ugonjwa wa kutetemeka, ule wanaita Parkinson. Mikono inacheza yenyewe. Nilipoongezewa tembe za pili, mikono ikatulia. Ndipo Wairimu akaanza kuja.

Wairimu na mimi tulichuma kahawa pamoja tangu tukiwa wasichana. Alikuwa anaingia bila hodi, anaketi kile kiti cha karibu na mlango, kimya. Mgeni haulizwi shida yake kabla ya chai, kwa hivyo nilimmiminia. Hakuigusa. Siku moja nikamkaripia: "Na hicho kitambaa cha kijani si changu? Uliniibia lini, mwizi wewe?" Akacheka tu. Ningemfukuza? Nani mwingine alikuwa anakuja kwangu?

Jumamosi moja binti yangu Njeri akafika kutoka Membley, akakuta chai imefanya utando.

"Mami, hii ni ya nani?"

"Ya Wairimu. Hamkupishana hapo kwa geti?"

Njeri akaketi polepole. "Mami, Wairimu tulimzika mwaka jana. Wewe ndiye ulitoa kitambaa chako cha kijani avalishwe."

Ngai! Niamini, sikuwa na habari. Mazishi mazima yalikuwa yamevuja kichwani kama maji kwenye kiondo. Nikamlilia upya, Njeri amenishika kama mtoto.

Daktari huko Ruiru alisema zile tembe za pili zinaweza kuvuruga kumbukumbu ya mzee, hata zimwonyeshe watu wasiokuwepo. Akaniuliza: mikono itulie, ama kichwa? Nikasema kichwa. Akazipunguza kidogo kidogo. Mikono ikarudia mchezo wake, mazishi yakanirudia, hata wimbo tulioimba kaburini. Wairimu hakuja tena.

Lakini kuna jambo daktari hakunieleza. Siku moja, Wairimu akiwa bado anakuja, nilikuta kikombe chake hakina kitu. Nani aliinywa ile chai? Labda ni mimi. Hiyo tu ndiyo sikumbuki.

Mengine yote nakumbuka, na kiti hakina mtu. Wewe mwenye mzazi anayemeza dawa hizi, sikia: akianza kuongea na kiti, usimcheke, wala usimnyang'anye tembe kwa akili yako. Mpeleke kwa daktari. Lakini kwanza keti wewe kwenye hicho kiti, unywe hiyo chai kabla haijapoa.