Valvu Zilizooshwa kwa Majivu

Mwezi uliopita nilisimama Ilula kununua nyanya, kama tunavyofanya karibu wote tunaopita barabara ile. Mama muuzaji alikuwa ananimiminia sado ya pili kwenye mfuko nilipopata harufu ya mafuta ya taa yaliyochanganyika na oili iliyotumika. Nyuma ya meza yake fundi mmoja alikuwa amechuchumaa, akisugua vyuma ndani ya karai. Nikasahau nyanya. Mama yule akaniuliza kama naumwa. Nikamwambia hapana, nimekumbuka nyumbani tu.

Nyumbani kwetu hapakuwa mbali na hapo. Ilikuwa nyumba ya matofali ya kuchoma juu ya bonde, na sebule yake, msimu mmoja wa baridi, ilikaliwa na injini.

Pikapu ya baba ilikuwa imechoka. Ilikunywa oili kama inavyokunywa maji, na tulipofika Ipogolo kuanza kupanda kwenda Iringa mjini, abiria waliokaa juu ya matenga ya nyanya walishuka wenyewe bila kuambiwa. Walitembea kando ya gari, wakisalimiana na watu wa njiani, na bado walitangulia kufika juu. Moshi ulitufuata wote. Majirani walimwambia baba kwamba gari lake linapika ugali kwa kuni mbichi.

Gereji ya mjini ilimshauri anunue injini nyingine. Baba hakuwa na uwezo huo, ila alikuwa na jirani, mzee aliyewahi kutengeneza malori ya barabara kuu, ambaye sote tulimwita fundi. Wakasimamisha magogo matatu ya mkaratusi, wakafunga mnyororo, na injini ikapanda polepole kutoka kwenye gari, ikaning'inia kwenye ukungu wa asubuhi ikidondosha matone meusi. Nilikuwa na sketi ya shule na kikombe cha uji wa ulezi mkononi. Uji ulipoa wote.

Nje kulikuwa na upepo wa vumbi na manyunyu, kwa hiyo vyuma vikahamia sebuleni. Pistoni zingerudi zilezile, zikivalishwa ringi mpya. Beringi na gasketi zingenunuliwa. Vingine vyote vingeoshwa na kurudi vilikotoka. Valvu nane, zile zinazofungua na kufunga njia ya hewa na moshi, fundi alizisaga kwa mkono, kila moja juu ya tundu lake kwenye hedi, kile kifuniko kizito cha juu ya injini, mpaka ikakaa bila kuacha nafasi hata ya pumzi. Alipomaliza alizichomeka kwa mpangilio kwenye boksi la sabuni alilolitoboa matundu. Akatuambia kwamba valvu ikishasagwa haikopeshwi tundu la mwenzake.

Bondeni, nyanya za mama zilianza kugeuka rangi. Mama hakumharakisha baba kwa maneno. Kila jioni alirudi na nyanya moja, akaiweka dirishani. Ya kwanza ilikuwa kijani. Iliyofuata ilikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Baba aliziangalia na kuendelea kusugua. Sote tulijua kwamba zikiiva zote na gari halijatengemaa, walanguzi wa barabarani watajipangia bei, na kazi ya msimu mzima itaondoka kwenye lori la mtu mwingine.

Ikafika zamu yetu ya kupokea jumuiya. Kama hukukulia kwetu nikueleze: kila wiki waumini wa mtaa walisali nyumba ya mtu mmoja, na nyumba ile iling'arishwa kana kwamba ndiyo pekee Mungu atakayoitembelea mwaka ule. Baba na fundi walikuwa wamekwenda mjini kutafuta gasketi. Bibi, mama yake baba, aliingia sebuleni na akina mama wawili wa jumuiya, wakatazama vile vyuma vyeusi. Walifanya walichokijua. Walibeba valvu hadi uani, wakazisugua kwa majivu na mchanga kama sufuria za sherehe, wakazisuuza na kuzianika juani kwenye ungo. Boksi la sabuni liliwasha moto wa chai.

Nakumbuka jinsi zilivyometameta. Baba aliporudi alisimama mbele ya ungo ule kofia ikiwa mkononi. Fundi aliinama, akaokota moja, akaipitishia ukucha ukingoni.

"Nani kaziosha, mama?"

"Mimi," bibi akasema. "Zilikuwa na masizi. Mngepokea wageni wa sala na masizi?"

Fundi hakucheka na hakukasirika. Alieleza taratibu kwamba kubwa na ndogo anaweza kuzitenganisha, lakini hakuna awezaye kusema ipi ilikuwa ya tundu lipi, na mchanga umekwaruza nyuso zote. Kazi ianze upya. Dawa ya kusagia ilikuwa imebaki kidogo, imeganda chini ya kopo. Na mikono yake, akaongeza, haiwezi kumaliza valvu nane kwa mara ya pili kabla nyanya hazijaiva. Bibi alitazama dirishani, kwenye nyanya ya siku ile. Ilikuwa imeanza wekundu begani.

Wageni wakaja, wakakuta hedi ya injini iko mezani imefunikwa kitambaa cha kufuma, wakasali kuizunguka. Baada ya amina fundi alilainisha dawa yake kwa oili, akachukua kijiti chenye mpira wa kunata, akakibandika juu ya valvu na kuanza kukizungusha kati ya viganja, huku na huku.

Bibi akamsogelea. "Kumbe mnapekecha tu?"

"Ndiyo, mama. Napekecha."

"Nipe hapa. Wewe unapekecha kama mtu anayeota moto."

Ndivyo ilivyokuwa. Mikono iliyopekecha mlenda na maharage maisha yote ilishika kile kijiti, na akina mama wa jumuiya wakapokezana, mmoja akichoka mwingine anakaa. Chuma kilitoa sauti ya mchanga mlaini, khwa, khwa, khwa, na mmoja akaanza wimbo wa kanisani uliofuata mwendo huo. Hata mimi nilipewa zamu. Hadi leo nikisugua viganja nasikia mtetemo ule ukipanda hadi viwikoni. Valvu ya mwisho baba aliisaga mwenyewe, kwa haraka, maana giza lilikuwa linaingia.

Fundi akainua hedi juu ya matofali, akamimina mafuta ya taa ndani ya njia za valvu; penye valvu isiyofunga vizuri yangevuja chini kabla ya asubuhi. Bibi alivua kitambaa chake cheupe cha kichwani, cha kanisani, akakitandaza chini yake. Hakuna aliyemwomba.

Asubuhi tulikusanyika kabla ya chai. Bibi alikivuta kitambaa, akakiinua kwenye mwanga wa mlango. Kilikuwa cheupe, isipokuwa doa moja upande mmoja. Fundi alichungulia juu ya doa, akahesabu matundu kwa kidole, kisha akamgeukia baba.

"Hii ni ya kwako, bwana."

Mama alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akaisaga ile moja yeye mwenyewe.

Tulipanda kutoka Ipogolo na matenga yamejaa. Hakuna aliyeshuka. Tulikuwa tunaisikiliza injini.

Pikapu iliuzwa nikiwa sekondari. Fundi na bibi wamelala kwenye makaburi yanayopakana. Doa lile halikutoka. Bibi alikivaa kitambaa hivyohivyo kila Jumapili, na aliyemwambia kwamba kimechafuka alijibiwa kwamba hilo ni la mwanawe.

Pale Ilula nilimuuliza yule fundi kama valvu bado zinasagwa kwa mkono. Akasema siku hizi watu wanaleta hedi iliyotumika kutoka nje, wanafunga, wanaondoka. Nilikuwa nimesimama mbele yake viganja vikisuguana, huku na huku, na mama wa nyanya akaniuliza kama nasikia baridi.