Chipu Mpya Iliyonyamazisha Ngoma

Siku yangu ya kwanza kazini, Fundi Mkuu hakunipa bisibisi. Alinipa redio ya mteja kutoka Isongole akaniambia, "Inuse."

Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja, cheti changu cha ufundi bado kiko kwenye bahasha. Nikainusa.

"Ukungu," nikasema.

"Na nini tena?"

"Mende."

Akacheka. "Basi kazi utaiweza, Tupokigwe. Hapa Tukuyu mvua ndiyo inayotuletea wateja."

Karakana yetu ilikuwa na kabati lenye balbu iliyowaka mchana kutwa. Kila kifaa kilikaa humo mpaka kikauke, ndipo tulipokifungua. Nawaambia hili ninyi mnaoanza sasa kwa sababu naona mna haraka ya kufungua. Kausheni kwanza. Saa mbili za kusubiri hazijawahi kumuua mteja.

Fundi Mkuu, ambaye babu yake alihamia kwetu kutoka pwani na cherehani yake, alipenda kitu kimoja kuliko vyote pale ndani: kompyuta ya nyumbani ya aina ya zamani, ile unayoiunganisha na televisheni. Aliachiwa na mhandisi wa kigeni aliyekuja kufunga mitambo ya chai. Ndani yake mlikuwa na chipu ya sauti, kipande cheusi chenye miguu kama tandu. Iliweza kutoa sauti tatu tu kwa wakati mmoja, sawa na kwaya ya watu watatu. Nanyi mwelewe, muziki wake haukurekodiwa kama wa redio. Ulikuwa maagizo: wa kwanza panda, wa pili shuka, wa tatu nyamaza. Chipu ilisoma maagizo na kuimba papo hapo.

Fundi Mkuu alijifundisha kuandika maagizo hayo. Alitunga wimbo mmoja kwa miezi mingi, akapiga ngoma mwenyewe, akainasa kwa kifaa alichoachiwa na mhandisi, na kuiingiza katikati ya zile sauti tatu. Wimbo wote aliuhifadhi kwenye kaseti. Watu waliokuja kuchukua pasi zao walisimama mlangoni wakisahau pasi.

Kisha chipu ikafa. Fundi Mkuu alikuwa Mbeya kutafuta vipuri, nami nikakumbuka kwamba mhandisi alikuwa ametuma chipu ya akiba kwa posta, ya toleo jipya. Nikataka kumfurahisha. Nikaichomelea vizuri, nadhani sijawahi kuchomelea vizuri kuliko siku ile. Aliporudi akaketi, akaweka kaseti yake. Sauti tatu zikatoka safi kabisa. Ngoma hazikutoka.

"Ngoma ziko wapi?"

"Sijui, Fundi."

"Umegusa nini?"

"Chipu tu."

"Chipu haili ngoma, Tupokigwe. Umezifuta kwenye kaseti yangu, sema tu."

Sikuwa nimeigusa kaseti. Lakini tangu siku hiyo nilipewa pasi na tochi tu, na nilipopata kazi mgodini aliniwekea kaseti ile mkononi. "Nenda nayo. Mimi ya nini tena?"

Mgodini nilihudumia redio za mawasiliano. Huko nilianza desturi iliyonifuata miaka yote: sikubadilisha kipuri bila kumwita mtu aje aone. Msimamizi wa Zamu alinitania mbele ya wenzangu. "Mama, unabadilisha fyuzi au unafunga ndoa? Mashahidi wote hawa wa nini?" Walicheka, nami nikacheka. Baadaye nilihamia karakana ya shule moja upande wa Mpuguso, na Mkuu wa Karakana akanisifu kwa umakini. Hakujua kwamba kila nilipoinama mezani nilisikia lile swali: umegusa nini? Mtu huchoka kwa kubeba mizigo. Kumbe huchoka pia kwa kujitetea mbele ya asiyekuwepo.

Sasa nimestaafu. Mgongo umegoma, macho hayaoni tena risasi ya kuchomelea. Mwanangu Atupele, anayefundisha kompyuta Mbeya, aliniletea kifaa cha mfukoni kidogo kama kiberiti. Kinacheza nyimbo za zile kompyuta za zamani kwa kuiga chipu zake, na kwa kuwa nyimbo ni maagizo tu, maelfu yanaenea humo. Huwa navaa waya za masikioni nikipalilia migomba. Atupele akaichukua kaseti yangu pia, akaisoma kwa mashine zake, akanirudishia wimbo wa Fundi Mkuu ndani ya kile kifaa.

Nikausikiliza shambani. Sauti tatu. Ngoma hamna. Nikakaa chini pale pale kwenye majani. Basi ni kweli nilizifuta, nikawaza, na sijui nilifanyaje. Nikampigia Atupele.

"Mama, hebu angalia kwenye mipangilio. Imeandikwa kinaiga chipu gani?"

"Mpya."

"Weka ya zamani."

Nikaweka. Ngoma zikalia.

Niwaeleze polepole, kama Atupele alivyonieleza. Chipu ya zamani ilikuwa na kasoro: kila ukiongeza au kupunguza ukubwa wa sauti yake, ilitoa mlio mdogo, tak. Waandishi wa muziki waligundua kwamba wakiibadilisha mara maelfu kwa sekunde, ile milio inaungana na kuwa ngoma, hata sauti ya mtu. Toleo jipya lilirekebishwa. Kasoro ilipoondoka, ngoma ilinyamaza. Kaseti ilikuwa nzima siku zote.

Kesho yake nilikwenda Kiwira, anakoishi Fundi Mkuu kwa binti yake. Amezeeka sana, lakini masikio bado mazima. Nikamvisha waya, nikamchezea kwa chipu mpya, kisha ya zamani. Alifumba macho mpaka wimbo ukaisha.

"Nilijua," akasema.

"Ulijua nini, Fundi?"

"Kwamba si wewe. Mhandisi aliniandikia barua. Ulikuwa na mwaka mmoja tu mgodini."

"Na hukuniambia?"

"Niliona aibu. Nikasema atakuja kusalimia, nitamwambia. Hukuja. Halafu nikasikia unavyosifiwa, fundi makini, fundi makini. Nikasema basi, imemsaidia."

"Haikunisaidia, Fundi. Ilinichosha."

Binti yake alileta chai, tukanywa.

Vijana wangu, mtakuwa wakuu wa watu. Mtawalaumu wengine kimakosa, hilo haliepukiki, kazi hii ina giza lake. Ila ukishajua, vaa viatu uende ukamwambie siku hiyo hiyo. Usimwachie mwenzako autafute ukweli mwenyewe kwa mashine.

Nilipoaga, Fundi Mkuu aliniomba nimwachie kile kifaa hata wiki moja tu. Nikamwambia nitakuja nacho Jumapili, asikilize nikiwa nimekaa hapo hapo kando yake. Nikakunja waya, nikakitia mfukoni.