Wa Mwisho kwenye Foleni

Mjini walimwita Bwana Tulia, maana hilo ndilo neno alilolisema kuliko jingine lolote maishani mwake. Alikuwa mpiga picha. Studio yake ilikuwa chumba kimoja ghorofani, juu ya duka la viatu: dirisha kubwa, kiti cha kuchonga, pazia lililochorwa ngazi za kasri ambazo hakuna mtu wa mji ule aliyewahi kuzikanyaga, na koti moja jeusi. Koti hilo alilivaa kila mwanamume aliyekuja kupigwa picha. Wembamba walibanwa mgongoni kwa vibanio vya nguo. Wanene walifumuliwa mshono wa nyuma wakaonywa wasigeuke. Mbele mtu alikuwa waziri, nyuma kinyago. Bwana Tulia alijivunia kazi yake, na kusema kweli alikuwa na haki.

Kisha mataifa makubwa ya mbali yakashikana mashati. Ugomvi haukuwa wa watu wa mji ule, wala hawakujua ulivyoanza, lakini haukuchukua muda ukawafikia. Kwanza zilipotea sindano na viberiti. Halafu vikapotea vioo vya picha, vile vipande vyembamba vilivyopakwa dawa ya kunasa sura ya mtu. Kiwanda kilichovitengeneza, huko ng'ambo, sasa kilikuwa kinatengeneza darubini za mizinga. Mwisho wakaanza kutakiwa watu wenyewe.

Asubuhi kikosi cha kwanza kilipoondoka, Bwana Tulia alikuwa amebakiwa na vioo kumi na viwili. Akateremka, akahesabu vijana kumi na wawili kwenye foleni, waliobaki akawaomba radhi. Alikuwa amekwisha kumpiga wa kumi na mbili pale mwingine alipopanda ngazi mbio, jasho linamtiririka.

"Baba, nipige moja tu, ya mama. Yuko zamu kiwandani, wamemkatalia ruhusa. Hatawahi kuniona nikiondoka."

Vioo vimekwisha, mwanangu. Maneno matatu tu, na angekuwa amemaliza. Lakini kijana alikuwa ameshavaa koti, na filimbi ya treni ilikuwa inalia, na Bwana Tulia alishikwa na huruma. Huruma hiyo ndiyo iliyomponza. Akachomeka kisanduku kitupu, bila kioo, nyuma ya kamera, akaingia ndani ya kitambaa cheusi, akasema "Tulia!", akatoa kifuniko cha lenzi, akahesabu moja mpaka tatu, akakirudisha. Kijana akamshika mkono kwa mikono yake miwili, akamwambia mama atapita kuichukua, akateremka mbio vilevile alivyopanda. Vita havitamaliza miezi mitatu, kila mtu alisema. Akirudi atapigwa ya kweli, nao watacheka.

Mkewe alichungulia kutoka chumba cha giza, mikono imelowa dawa.

"Huyo wa mwisho umempiga na nini?"

"Na huruma."

"Haya. Mama yake akija, utamtilia huruma kwenye fremu?"

Mama alikuja wiki ile ile, moja kwa moja kutoka kiwanda cha mablanketi, nyuzi za sufu zimemganda kwenye nywele. Bwana Tulia akamwambia dawa ya kusafishia imekwisha. Mwezi uliofuata akamwambia karatasi haijafika. Mara nyingine meli ilikuwa imezama, na kweli meli zilikuwa zinazama. Katika vita vile mwongo hakupata taabu, kila kitu kilikuwa kimeadimika, na mama aliitikia kwa kichwa, akasema, "Basi nitapita tena, fundi." Akapita tena. Miaka miwili na zaidi alipita, na kila aliposikia viatu vyake kwenye ngazi Bwana Tulia alitamani ardhi impasukie.

Mwaka wa tatu ikaja barua yenye mhuri. Mama alipanda ngazi nayo mchana ule ule.

"Wameniandikia," alisema. "Hata alipozikwa hawapajui. Nipe picha yangu, fundi. Hata kama haikutoka vizuri, nipe hivyo hivyo."

Bwana Tulia alikuwa ameshajiandaa kwa siku hiyo, na hapo ndipo mimi mwenyewe huona aibu kwa ajili yake. Kwenye makabati yake kulikuwa na kioo kilichoharibika cha mtu aliyepiga chafya lenzi ikiwa wazi. Koti lile lile, kiti kile kile, pazia lile lile, na uso umekuwa moshi mtupu. Alikuwa ameshaisafisha picha ile kwa siri, na mkewe alipoigundua hakumsemesha siku mbili. Sasa akaitoa, akampa mama.

Mama akaipeleka dirishani. Akaitazama sana.

"Huyu si wangu."

"Alitikisika, mama, ndiyo maana uso..."

"Siutazami uso. Natazama mikono. Mikono niliyoiosha mwenyewe nitaikosaje? Huyu ana mama yake, fundi. Mpelekee yeye."

Bwana Tulia akavunjika. Mtu mzima yule alilia kwa kwikwi, akamweleza yote: vioo kumi na viwili, kisanduku kitupu, filimbi ya treni. Laiti mama angemtukana. Laiti angevunja kamera. Mama alivuta kiti akaketi.

"Basi picha haipo," alisema. "Lakini uliingia kwenye kitambaa chako ukamtazama. Kule stesheni walikuwa mamia, nani angemshika sura? Wewe ndiye uliyemtazama mwisho. Niambie alikuwaje."

Bwana Tulia akafungua kinywa. Alikumbuka koti, lilivyompwaya mabegani. Alikumbuka kibanio kimoja kilivyofyatuka kikaanguka sakafuni. Akautafuta uso, hakuuona popote. Kioo kikiwa hakipo hakuna cha kulenga, na siku ile ndani ya kitambaa alikuwa ameinama anatazama viatu vyake mwenyewe, akingoja tatu ifike.

"Sikumtazama, mama."

Kisha mama akavuta pumzi, akaanza yeye kumweleza fundi mwanawe alivyokuwa, taratibu, kama anayempa mtu maelekezo ya nyumba. Kovu hapa, juu ya nyusi ya kushoto, alipoangukia beseni akijifunza kutembea. Jino la mbele limepanda jingine. Masikio ya baba yake, makubwa, wenzake wakimtania. Alipofika kwenye macho akanyamaza. Akarudi juu, akaanza upya na kovu, na nyusi, akateremka mpaka pale pale, akanyamaza tena.

"Unaona?" alisema. "Kila nikifika hapa ananipotea. Yapata mwaka sasa. Ndiyo maana nilikuwa sichoki kukusumbua."