Yule Bundi Alikuwa Wangu

Nyasi zilizoungua zina harufu inayokaa kooni. Kila majira ya baridi, upepo ukiileta hapa Jeppestown, mtaa wetu wa ugenini, kutoka nje ya mji, mimi sifikirii moto. Namfikiria Mwajuma, na hasira inaanza upya.

Nilikuwa na miaka kumi na moja, mwaka ule kabla ya Kombe la Dunia kuja kuchezwa huku. Ustadhi wetu wa madrasa, mtu wa Tanga kama sisi, alikodi teksi, vile vibasi vya huku, akatupeleka watoto kumi na wanne kutazama wanyama kwenye nyika moja ya hifadhi, kusini mwa jiji, nusu ya nyasi zake zimeungua. Atakayewatangulia wenzake kuona wanyama wengi zaidi angepewa darubini. Sharti lilikuwa moja: ukimwona mnyama, mtaje kwa sauti, ustadhi aandike.

Kwa sauti. Hapo ndipo nilipokwama. Mimi hata "abee" yangu mama huisikia kwa shida. Basi nikawa namnong'oneza Mwajuma, rafiki yangu wa mlango wa pili, anisemee. "Nyumbu, kule nyuma ya jiwe." Naye akapaza: "Ustadhi, nimeona nyumbu!" Nimeona, siyo ameona. Nikadhani kateleza ulimi. Pundamilia, mbuni, mbweha, wote wakaandikwa kwa jina lake. Nilipomvuta gauni akasema, "Si ungesema mwenyewe? Mdomo wako wa kulia sambusa tu?"

"Eish, kakukomesha," mmoja akasema, wenzake wakacheka.

Mchana nikamwona bundi, katulia chini katikati ya majani makavu, macho meusi tii. Safari hii sikumnong'oneza mtu. Nilinyoosha kidole tu huku nikijikusanya nipige kelele. Mwajuma akafuata kidole changu, akanitangulia kumtaja. Ustadhi alifurahi hadi kofia ikamdondoka. Darubini ikavishwa shingoni mwa Mwajuma.

Njia nzima nilipanga. Nilijua bibi yake yuko mahututi Tanga, na mama yake kila simu ikilia hushika kifua. Na nyinyi mnajua watu wetu na bundi. Tuliposhuka, Mama Mwajuma alikuwa mlangoni.

"Shikamoo, mama," nikasema, kwa sauti ambayo sikujua kama ninayo. "Mwajuma leo kawashinda wote. Kawa wa kwanza kumwona bundi, mchana kweupe."

"Kamwona nani?"

"Bundi, mama. Muulize ustadhi."

Aliivua ile darubini shingoni mwa mwanawe kama anayeshika nyoka. Usiku ule nilikula sahani mbili za ubwabwa.

Siku ya nne simu ikalia. Bibi amefariki. Matangani, shangazi yake Mwajuma alimwambia mbele za watu, "Wewe ndiye uliyetuletea." Nilikuwa nimekaa mkabala na Mwajuma, nikisubiri anitaje. Alifungua mdomo, akanitazama, akaufunga. Nikasema moyoni, huyu anang'ang'ania ushindi hata msibani. Na nikafurahi, siwafichi, alipolia.

Imenichukua miaka kuelewa. Mwajuma naye alilelewa na hofu ileile. Kwake yeye bundi aliua kweli, na aliyetangulia kumwona ndiye aliyekileta kifo nyumbani. Neno moja tu lingemweka huru, mzigo ukaniangukia mimi. Sijui kama nimemsamehe. Lakini wale wanyama wengine aliniibia kwa tamaa. Huyu bundi mmoja alikataa kunirudishia, akakaa naye peke yake.